Nidhamu na utendaji kazi katika vyuo vikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wakuu wa idara, maafisa utumishi, wajumbe wa kamati za nidhamu na wafanyakazi wenyewe, kuanzia profesa hadi mtunza stoo. Maswali yaliyomo ni yale yanayorudi kila muhula. Pale sheria ya nchi yako au kanuni za chuo chako zinaposema tofauti, fuata hizo. Msimamo mmoja utauona karibu katika kila jibu: kesi nyingi zinazovunjika mbele ya kamati zilikwisha kuharibika miezi kadhaa nyuma, siku mkuu wa idara alipoona tatizo akanyamaza.

## Misingi

1. Kuna tofauti gani kati ya kosa la nidhamu na utendaji duni?

Kosa la nidhamu linahusu mwenendo: mtu alijua anachotakiwa kufanya, aliweza kukifanya, akafanya kinyume. Utendaji duni unahusu uwezo: mtu anajitahidi lakini kazi yake haifikii kiwango. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1982, unavitaja viwili hivi kama sababu tofauti za kumwachisha mtu kazi, na ya tatu ni mahitaji ya uendeshaji, kwa mfano idara inapofungwa.

Kuvichanganya ndiko kunakozaa dhuluma nyingi. Mhadhiri ambaye amekaa na karatasi za mitihani wiki sita anaweza kuwa mzembe. Anaweza pia kuwa anafundisha kozi tano, watahiniwa wake ni zaidi ya mia tano, na hakupewa msaidizi hata mmoja. Wa kwanza anastahili onyo. Wa pili anastahili kupunguziwa mzigo, na ukimwandikia onyo, kila aliye idarani atajifunza kwamba kueleza shida yako hakuna faida. Kabla hujaandika barua yoyote, jiulize: huyu hataki, hawezi, au hajawezeshwa?

2. Taratibu hizi zinawahusu wahadhiri tu?

Hapana. Fundi wa maabara, mkutubi, katibu muhtasi, dereva na mlinzi wana haki ileile ya kuelezwa kosa, kusikilizwa na kukata rufaa. Inauma kuona chuo kinachompa profesa kamati ya watu saba na wakili, huku mhudumu wa ofisi akiondolewa kwa simu moja ya mkubwa wake. Tofauti halali iko kwenye nani anayepima kazi: kazi ya kitaaluma inapimwa na wanataaluma wenzake, kazi ya maabara na wanaoijua maabara.

3. Nani ana mamlaka ya kumchukulia mtu hatua?

Kwa kawaida mkuu wa idara anaweza kuonya kwa mdomo na kuandika maelekezo. Onyo la maandishi mara nyingi hupitia kwa mkuu wa kitivo au ofisi ya utumishi. Kushushwa cheo na kuachishwa kazi hubaki kwa kamati ya nidhamu na hatimaye baraza la chuo. Soma kanuni zenu, maana hatua iliyochukuliwa na asiye na mamlaka hubatilika hata kama kosa lenyewe lilikuwa kweli.

Jambo moja halibadiliki popote: aliyelalamika, aliyechunguza na anayeamua wawe watu tofauti.

4. Uhuru wa kitaaluma unamkinga mhadhiri asichukuliwe hatua?

Unamkinga dhidi ya adhabu kwa sababu ya anachofundisha, anachotafiti na anachochapisha ndani ya taaluma yake. Haumpi ruhusa ya kutoingia darasani, kutosahihisha mitihani au kumtukana mwanafunzi.

Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu linaweka pande zote mbili. Linalinda haki ya kufundisha, kutafiti na kutoa maoni, hata kuhusu taasisi anayofanyia kazi, bila udhibiti. Papo hapo linataja wajibu: kufundisha kwa ufanisi, kuwatendea wanafunzi kwa haki, na kufanya utafiti kwa uaminifu. Azimio la Dar es Salaam la mwaka 1990 nalo limebeba yote mawili, uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii.

Kipimo kinachosaidia kazini ni hiki: kama malalamiko yangebaki vilevile hata mhadhiri huyo angekuwa na maoni tofauti kabisa, yaelekea ni suala la kazi. Kama yasingekuwepo, kuwa mwangalifu sana.

## Kupima na kuinua utendaji

5. Utendaji wa mhadhiri unapimwaje wakati kazi yake nyingi haionekani?

Unapimwa kwa kuangalia vitu kadhaa kwa pamoja: muhtasari wa kozi na jinsi unavyohuishwa, ubora wa maswali ya mtihani, ripoti za mtahini wa nje, muda wa kurudisha alama, wanafunzi wa uzamili wanaofika mwisho wa tasnifu zao, machapisho, na kazi za idara zisizo na sifa wala posho. Saa za kukaa ofisini ni kipimo dhaifu. Mtu anaweza kuketi ofisini mchana kutwa asitoe kitu, na mwingine akaandaa mihadhara yake usiku nyumbani.

Kuhesabu machapisho peke yake nako kunapotosha. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililoandaliwa mwaka 2012, linavitaka vyuo viache kutumia viwango vya umaarufu wa majarida kama mbadala wa ubora wa makala au wa mchango wa mtafiti anayeajiriwa au kupandishwa cheo. Someni makala yenyewe. Chuo kinachohesabu tu huishia kupata makala nyingi nyembamba, na baadhi ya watu hukimbilia majarida yanayochapisha chochote mradi umelipa.

6. Maoni ya wanafunzi yanaweza kutumika kama ushahidi wa utendaji duni?

Kama kiashiria, ndiyo. Kama ushahidi pekee, hapana.

Wanafunzi ni mashahidi wazuri wa mambo waliyoyaona: mhadhiri alikosa vipindi vingapi, alirudisha mazoezi, alijibu maswali. Ni mashahidi dhaifu wa kina cha somo wasilolijua bado. Mwaka 1973 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambamo mwigizaji, aliyetambulishwa kwa jina la Daktari Fox, alitoa mhadhara uliokusudiwa kuwa mtupu, na wasikilizaji, ambao wenyewe walikuwa wasomi, wakampa alama nzuri. Utafiti mwingine mdogo wa huko huko, wa mwaka 2015, ulihusu kozi ya mtandaoni: wakufunzi walipobadilishiwa majina, yule aliyedhaniwa kuwa mwanamume alipewa alama za juu kuliko aliyedhaniwa kuwa mwanamke, awe nani kwa kweli.

Kwa hiyo tafuta mwenendo wa miaka kadhaa, soma maoni ya maandishi badala ya wastani wa namba, kisha mtume mwanataaluma mwenzake aketi darasani na kuandika alichokiona.

7. Mtu katika idara yangu anafanya kazi chini ya kiwango. Nianzie wapi?

Anza na mazungumzo, na yawe mapema. Mwite ofisini, funga mlango, taja jambo moja au mawili yenye tarehe. "Mwalimu, kipindi cha Jumanne tarehe 4 na cha tarehe 11 havikufanyika na wanafunzi hawakupewa taarifa. Kuna nini?" Halafu nyamaza usikilize. Sehemu kubwa ya matatizo huishia hapa, kwa sababu mtu anakwambia mama yake anauguzwa, au ratiba imempanga vyumba viwili kwa wakati mmoja na hakuna aliyemsikiliza alipolalamika. Andika mistari michache ya mlichokubaliana na umtumie siku hiyohiyo. Barua pepe hiyo fupi itakuwa na thamani kubwa baadaye kuliko kumbukumbu yako.

Hali isipobadilika, ingia kwenye mpango wa maandishi wa kuinua utendaji. Pendekezo namba 166 la ILO, pia la mwaka 1982, linasema mtu asiachishwe kazi kwa utendaji usioridhisha isipokuwa amepewa maelekezo yanayofaa na onyo la maandishi, kisha akaendelea hivyo baada ya muda wa kutosha wa kujirekebisha. Muda wa kutosha hutegemea kazi. Kuchelewesha alama kunaweza kupimwa ndani ya muhula mmoja. Kudorora kwa utafiti hakupimwi kwa miezi mitatu, maana makala peke yake inaweza kukaa kwa wahakiki muda huo wote.

Mpango mzuri unasema kiwango kinachotakiwa, msaada utakaotolewa na nani ataufuatilia. "Uongeze juhudi" si kiwango. "Alama za mazoezi zirudishwe ndani ya siku 14 tangu tarehe ya kukusanya" ni kiwango. Na msaada ukiahidiwa, utolewe. Mkuu wa idara aliyeahidi msaidizi wa kusahihisha asimlete amejinyang'anya mwenyewe haki ya kulalamika.

8. Tathmini zake za miaka mitatu zinasema "vizuri sana", lakini kila mtu anajua hafanyi kazi. Nifanyeje?

Huna kesi ya miaka mitatu. Una kesi inayoanza leo. Tathmini za kuridhishana ni ugonjwa wa vyuo vingi: mkuu wa idara ni mwenzetu, mwakani atarudi kuwa mhadhiri wa kawaida na huenda huyu anayemtathmini ndiye atakayekuwa mkuu, kwa hiyo anaweka alama za juu kila mahali na maisha yanaendelea. Gharama wanailipa wanafunzi, pamoja na wale wafanyakazi wanaobeba kazi ya mwenzao na kupata alama ileile.

Mwambie wazi kwamba tathmini zilizopita hazikuwa sahihi na kwamba kuanzia sasa kipimo ni hiki, kisha fuata jibu la swali la 7.

9. Profesa wetu ana jina kubwa na huleta fedha za utafiti, lakini haingii darasani. Tuna ujasiri gani wa kumgusa?

Kama mkataba wake unamtaka afundishe, kutoingia darasani ni suala lilelile kama kwa mhadhiri msaidizi. Mnaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba fedha za mradi zinunue muda wake na ziajiri mtu wa kufundisha badala yake. Vyuo vingi hufanya hivyo na hakuna ubaya. Makubaliano ya kimyakimya ndiyo yanayoharibu, kwa sababu siku mtakapomwadhibu mdogo kwa kosa hilohilo, atauliza swali moja tu na hamtakuwa na jibu.

## Hatua za nidhamu

10. Makosa gani yanaweza kumfukuzisha mtu kazi?

Pendekezo la UNESCO lililotajwa kwenye swali la 4 linatoa mifano: kupuuza majukumu kwa muda mrefu, kutoweza kazi kupita kiasi, kubuni au kughushi matokeo ya utafiti, ubadhirifu mkubwa wa fedha, utovu wa maadili wa kingono au mwingine dhidi ya wanafunzi au wafanyakazi, na kuuza alama, shahada au ajira kwa fedha, ngono au upendeleo mwingine.

Makosa madogo, kama kuchelewa kikao au lugha kali mara moja, huanzia kwenye onyo. Onyo nalo lina muda wake. Vyuo vingi huliweka hai kwa miezi 6 hadi 12, na baada ya hapo lisitumike kuongeza uzito wa kosa jipya.

Kuna pia yasiyokubalika kuwa sababu kabisa. Mkataba 158 unataja uanachama wa chama cha wafanyakazi, kumlalamikia mwajiri kwa kuvunja sheria, ujauzito, hali ya ndoa, dini, maoni ya kisiasa na mengine ya aina hiyo.

11. Barua ya kumtaka mtu ajieleze iandikwe vipi?

Iandikwe ili mtu asiyeijua idara yenu aelewe kilichotokea. Linganisha hizi mbili.

"Umekuwa na tabia ya kutowajibika na kuidhalilisha idara mara kwa mara. Jieleze ndani ya saa 24."

"Tarehe 3, 10 na 17 Machi hukusimamia mtihani uliopangiwa katika Ukumbi wa 2, na hukumtaarifu mratibu wa mitihani. Kanuni ya usimamizi, kifungu cha 6, inataka taarifa itolewe kabla ya mtihani. Tafadhali toa maelezo yako kwa maandishi ndani ya siku 7 za kazi. Nakala za orodha za mahudhurio zimeambatishwa. Hakuna uamuzi uliofikiwa."

Ya kwanza haijibiki. Mtu atajibu kwa hasira, na hasira hiyo itageuzwa kuwa kosa la pili. Ya pili inampa nafasi ya kusema "tarehe 10 nilikuwa hospitali, cheti hiki hapa".

12. Nimepokea barua ya kujieleza. Nifanye nini?

Usijibu siku hiyo. Isome mara mbili, weka alama kwenye kila tuhuma, na uone kama umepewa ushahidi. Kama hujapewa, uombe kwa maandishi. Wasiliana na chama chako cha wafanyakazi. Kama siku ulizopewa hazitoshi, omba kuongezewa kabla hazijaisha.

Katika majibu, jibu kila tuhuma kwa namba yake. Ulilolifanya, likubali na ueleze mazingira yake. Usilolifanya, likatae waziwazi na uambatishe uthibitisho. Achana na historia ya ugomvi wako na mkuu wa idara, isipokuwa ndiyo chanzo cha tuhuma na unaweza kulionyesha hilo. Weka nakala, na hakikisha aliyepokea ametia saini.

13. Kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi ni adhabu?

Kisheria kwa kawaida si adhabu, ndiyo maana mshahara huendelea kulipwa. Kwa anayesimamishwa, na kwa majirani zake, huonekana adhabu tupu. Kwa hiyo itumike pale tu kuwepo kwake kazini kunaweza kuvuruga ushahidi au kuwahatarisha watu. Barua itaje mwisho au tarehe ya kupitia upya. Kumwacha mtu nyumbani mwaka mzima bila kikao ni kumhukumu bila kumsikiliza.

Fikirieni pia hatua nyepesi zaidi: kumwondoa kwenye usahihishaji wa kozi inayohusika, au kumhamishia mwanafunzi kwa msimamizi mwingine.

14. Kikao cha kamati kinaendaje, na naweza kwenda na mtu?

Unaelezwa tuhuma, upande wa chuo unatoa ushahidi, unauliza maswali, unatoa maelezo na mashahidi wako, kisha kamati inajadili bila pande zote mbili kuwepo. Mkataba 158 unataka mtu apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake, na Pendekezo 166 linasema awe na haki ya kusaidiwa na mtu mwingine anapojitetea. Mjumbe mwenye maslahi, kwa mfano aliyeshindania nawe cheo, aombwe kujitoa mwanzoni, kabla ushahidi haujaanza kusikilizwa.

Uamuzi uje kwa maandishi, ukiwa na sababu, na utaje rufaa inapelekwa wapi na ndani ya siku ngapi.

15. Mwanafunzi anamtuhumu mhadhiri kwa rushwa ya ngono lakini anaogopa kutajwa jina. Tufanye nini?

Kwanza, alindwe leo. Mtihani wake usahihishwe na mwingine, na kama ni wa uzamili, abadilishiwe msimamizi bila yeye kulazimika kueleza sababu mbele ya idara. Haya hayahitaji kumtia mtu hatiani.

Pili, aambiwe ukweli. Chuo kinaweza kuficha jina lake kwa umma na kwa idara, lakini ni vigumu kumhukumu mtu kwa ushahidi asioweza kuujibu. Atakayemwahidi usiri kamili atalazimika baadaye kuvunja ahadi hiyo, naye atakuwa amesalitiwa mara mbili. Muoneshe njia zilizopo: kutoa ushahidi akiwa chumba tofauti, kuambatana na mtu anayemwamini, kuwasilisha maandishi.

Tatu, tafuteni ushahidi usiomtegemea yeye peke yake. Jumbe za simu. Alama zilizobadilishwa kwenye mfumo na saa zilipobadilishwa. Malalamiko ya miaka ya nyuma yaliyozimwa kwa "tumeyamaliza kifamilia". Mara nyingi mwenye tabia hii hajamfanyia mmoja, na wa pili hujitokeza anapoona wa kwanza hakuumizwa.

16. Wizi wa maandishi na kupika data vishughulikiwe na kamati ileile?

Uchunguzi ufanywe na wataalamu wa fani hiyo, kisha matokeo yapelekwe kwenye kamati ya nidhamu. Mjumbe wa utumishi hawezi kujua kama jedwali la takwimu linawezekana kitabibu. Tofautisheni kosa la uaminifu, kama kukosea hesabu, na udanganyifu wa makusudi.

Mlindeni aliyetoa taarifa. Mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, watafiti vijana ndio waliotoa taarifa kwamba data za Profesa Diederik Stapel, aliyekuwa mkuu wa kitivo chao, hazikuwa za kweli. Zaidi ya makala 50 zilifutwa baadaye. Angekuwa na uwezo wa kuwazima, tungekuwa tunazinukuu makala hizo hadi leo.

## Hali ngumu

17. Utendaji umeshuka kwa sababu ya ugonjwa, msongo au ulevi. Ni nidhamu?

Ugonjwa si kosa, na Mkataba 158 unasema kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au jeraha si sababu halali ya kumwachisha mtu. Mpeleke kwa daktari wa kazini, mpunguzie mzigo, panga tarehe ya kuangalia tena. Ulevi wa kupindukia utazamwe kwanza kama suala la afya pale mtu anapokubali matibabu. Kuingia maabara ya kemikali amelewa ni hatari kwa wengine, na hapo hatua za nidhamu zinaweza kwenda sambamba na matibabu.

18. Suala lipo polisi pia. Tusubiri mahakama?

Si lazima, isipokuwa sheria yenu inasema hivyo. Mahakama ya jinai huuliza kama kosa limethibitishwa bila kuacha shaka ya maana. Kamati ya chuo kwa kawaida huuliza kama kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba lilitendeka. Mtu anaweza kuachiwa mahakamani na bado akawa amevunja kanuni za kazi. Ratibuni tu ili msivuruge ushahidi wa polisi.

19. Mtuhumiwa amejiuzulu siku moja kabla ya kikao. Kesi imekufa?

Uwezo wa kumwadhibu huenda umekwisha, lakini uchunguzi unaweza kumalizwa na matokeo kuwekwa kwenye faili. Fanyeni hivyo hasa kwa tuhuma za swali la 15 na la 16, kwa sababu chuo kinachofuata kitaomba barua ya utambulisho. Barua ya sifa inayonyamazia jambo zito humhamishia tatizo mwanafunzi wa mahali pengine.

20. Mhadhiri ameukosoa uongozi wa chuo hadharani. Tumwite kamati?

Kwa ukosoaji peke yake, hapana. Rejea jibu la swali la 4. Kusema bajeti imetumika vibaya ni maoni au ni taarifa, na uongozi unaweza kuijibu kwa hesabu. Yanayoweza kuwa makosa ni kutoa siri za wanafunzi, kama alama au taarifa za matibabu, kutishia watu, au kubuni jambo huku akijua ni uongo.

21. Mhadhiri ametumia akili mnemba kusahihisha insha za wanafunzi. Ni kosa?

Angalieni kwanza kama chuo kina mwongozo. Kama hakuna, ni vigumu kumwadhibu kwa kuvunja kanuni ambayo haijaandikwa. Andikeni mwongozo na mumwelekeze. Maswali mawili yanabaki hata bila mwongozo. Je, aliingiza kazi za wanafunzi zenye majina yao kwenye mfumo wa nje? Na je, alizisoma mwenyewe kabla ya kutia saini alama? Aliyesaini alama bila kusoma kazi hakufanya usahihishaji aliopangiwa, na hilo linaangukia kwenye swali la 1.

22. Kosa lilijulikana miaka miwili iliyopita na hakuna aliyechukua hatua. Tunaweza kulifufua?

Pendekezo 166 linasema mwajiri aliyejua kosa na asichukue hatua ndani ya muda unaofaa ahesabiwe kuwa ameiacha haki yake ya kumwachisha mtu kwa kosa hilo. Muda huhesabiwa tangu chuo kilipojua. Wizi wa maandishi wa miaka kumi nyuma uliogunduliwa mwezi jana bado ni jambo jipya kwenu.

Kama kilichozuia hatua ni kwamba malalamiko yalifungiwa kwenye droo ya mtu, chunguzeni droo hiyo pia. Aliyeyafungia ana maelezo ya kutoa, na barua yake iandikwe kwa mfano wa pili kwenye swali la 11.